Umbo la molekuli na uimara wa kuta za Mji Mkongwe

Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo hushika kwa kufyonza hewa ukaa iliyomo angani, na katika kazi hiyo molekuli hubadilika umbo.

Sababu ni elektroni. Kwa mujibu wa nadharia iliyotolewa mwaka 1957 na Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, jozi za elektroni zinazoizunguka atomu husukumana, kila moja ikikaa mbali na nyingine kadiri inavyowezekana. Kaboni ya hewa ukaa ina mafungu mawili ya elektroni, hivyo oksijeni zake mbili hukaa pande zinazokabiliana, kwa nyuzi 180. Ikikutana na chokaa iliyozimwa huwa kaboneti: mafungu matatu, pembetatu bapa ya nyuzi 120, na chokaa hurejea kuwa jiwe kama lile lililochomwa tanuuni.

Maji ndiyo yenye mtihani. Oksijeni yake ina jozi nne; mbili kati yake hazikuungana na hidrojeni, nazo husukuma kwa nguvu zaidi, hata molekuli ikapinda kufikia nyuzi 104.5. Kwa kupinda huko maji hupata upande chanya na upande hasi, hushikamana na mawe, hupanda ukutani na kubeba chumvi. Plasta ya chokaa huuacha unyevu huo utoke. Saruji huufungia ndani, na jiwe humong'onyoka nyuma ya plasta inayoonekana nzima.