Kwa Nini Oksijeni Hung'ang'ania Elektroni Zake

Wazee wengi wa Karatina, Othaya na Naro Moru waliotolewa mtoto wa jicho hurudi kliniki baada ya miezi au miaka wakisema ukungu umerudi. Mtoto wa jicho haoti tena. Ni utando mwembamba ulioachwa nyuma ya lenzi ya bandia ambao umefanya utusitusi. Daktari humketisha mgonjwa mbele ya mashine ya leza, vinasikika vimlio vidogo, na dakika chache baadaye mgonjwa anaenda zake. Hakuna kisu wala uzi.

Ajabu ni kwamba utando huo haunyonyi mwanga wa leza hiyo. Mwanga wenyewe ni wa infraredi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,064, na fotoni yake moja hubeba elektronivolti 1.2 tu, ilhali kung'oa elektroni katika maji kunahitaji zaidi ya 6. Kwa kanuni aliyoitoa Einstein mwaka 1905, fotoni moja kwa elektroni moja, pasingetokea chochote.

Siri ni msongamano. Mpigo mmoja una milijuli 1 au 2, nishati isiyotosha kulipasha tone la maji hata ukahisi kwa kidole. Lakini hutolewa yote ndani ya nanosekunde chache na kukusanywa kwenye kidoa chenye upana wa maikromita 10 hivi. Mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer alionyesha kwa hesabu kwamba fotoni mbili zaweza kufanya kazi kwa pamoja. Mwanga ukisongamana kiasi hiki, hata sita zaweza. Elektroni chache za kwanza zikishang'oka, husukumwa na mwanga, hugonga molekuli za jirani na kung'oa elektroni nyingine, na kufumba na kufumbua kidoa kizima ni plazima. Hupanuka kwa kishindo na kuupasua utando pale pale. Danièle Aron-Rosa wa Paris na Franz Fankhauser wa Uswisi ndio walioifanya njia hii kuwa tiba, mnamo miaka ya 1980 hivi.

Kwenye maabara za fizikia mpigo hufupishwa zaidi, hadi femtosekunde makumi kadhaa. Milijuli 1 ndani ya femtosekunde 30 ni gigawati 33. Kenya nzima, jioni taa zote zikiwaka, hutumia gigawati 2 na ushei. Mwanga huo ukikazwa hadi wati trilioni 100 kwa sentimita ya mraba, uga wake wa umeme hufika volti bilioni 27 kwa mita. Hewa ya kawaida hushindwa na kutoa cheche kwenye milioni 3.

Hapo kuhesabu fotoni hakutoshi tena. Elektroni ndani ya molekuli ni mbuzi aliyezungushiwa ua wa kayaba: hana nguvu za kuuruka. Mwanga mkali haumpi nguvu hizo. Huushika ua upande mmoja na kuulaza mpaka ukawa mwembamba, naye akapenya. Leonid Keldysh wa Moscow alionyesha mwaka 1964 kwamba kupenya huku na kule kuchangiwa na fotoni nyingi ni jambo moja linaloonekana kwa sura mbili.

Ikiwa ni hivyo, gesi mbili zinazozishika elektroni zao kwa nguvu sawa zingepaswa kuayonishwa, yaani kung'olewa elektroni na kubaki ayoni, kwa urahisi sawa. Chukua hewa ya Kieni. Nitrojeni, asilimia 78 yake, hushika kwa elektronivolti 15.6, na agoni kwa 15.8. Chini ya leza, hizi mbili huenda karibu sambamba. Oksijeni hushika kwa 12.1, na vivyo hivyo zenoni, gesi adimu ambayo ni chembe 9 hivi tu katika kila milioni 100 za hewa. Majaribio ya miaka ya 1990, yakiwemo ya kundi la See Leang Chin huko Quebec, yalikuta kwamba oksijeni hutoa ayoni chache kuliko zenoni kwa takriban mara 10.

Jibu lililokubalika zaidi linatokana na umbo. Atomu ya zenoni iko peke yake. Molekuli ya oksijeni ina viini viwili, na elektroni yake ya nje imetandaa kwenye vyote viwili, kama wimbi lenye alama chanya upande huu na hasi upande ule. Inapotaka kutoka, vipande viwili vya wimbi hilo hukutana nje na kufutana kwa sehemu kubwa. Katika nitrojeni alama za pande mbili zinalingana, kwa hiyo hakuna kufutana. Mwaka 2000 Muth-Böhm, Becker na Faisal waliandika hesabu ya jambo hili, na binafsi naihesabu kati ya hesabu nzuri zaidi za fani hii.

Nzuri, lakini fluorini haikuitii. Elektroni yake ya nje ina umbo kama la oksijeni, kwa hiyo ingepaswa kuwa nayo bahili ikilinganishwa na agoni. Ilipopimwa mwaka 2001, haikuwa. Wengine wanasema elektroni zilizobaki ndani hazitulii wakati mwenzao anaondoka, na hesabu inayoitazama elektroni moja tu hulipita jambo hilo. Naona wana hoja.

Pamoja na ubahili wake, oksijeni bado huachilia kabla ya nitrojeni, na leza kali ikirushwa angani, oksijeni ndiyo huanza kutoa elektroni. Kwa njia hiyo, mwaka 2021, kundi la Aurélien Houard na Jean-Pierre Wolf lilirusha mipigo 1,000 kwa sekunde kando ya mnara wa mlima Säntis, Uswisi, mita 2,502 juu ya bahari. Hewa iliyopashwa kwenye njia ya mwale hupungua uzito, na radi huifuata. Kati ya radi zisizopungua 16 zilizoupiga mnara msimu huo, 4 zilitokea leza ikiwaka, na ile ya Julai 24 ilipigwa picha ikiufuata mwale kwa mita 50 hivi. Leza hiyo ilitoa karibu nusu juli kwa kila mpigo, na ilihitaji jengo lake na wahandisi wake. Shule ya Mweiga inayotaka kinga dhidi ya radi leo bado itanunua fimbo ya shaba na waya wa kuifikisha ardhini.