Njia ya Kupanda Mlima Kigali Hupimwa kwa Maji

Jumapili ambazo Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kuu kwa magari, utaratibu ulioanza 2016, wakazi wa Sonatubes hutoka na viatu vya mazoezi wakiulizana: leo kilima gani? Wengi hushika barabara ya Kicukiro kwenda Nyanza kwa sababu ya mwinuko wake. Lakini Nyanza kwanza ni mahali pa kumbukumbu. Tarehe 11 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa walipoondoka katika shule ya ETO, watu waliokuwa wamekimbilia hapo walizuiwa Sonatubes, wakapelekwa kwa nguvu hadi kilimani huko na kuuawa. Anayetaka msitu wa kutembea mimi humwelekeza magharibi, Mlima Kigali.

Kilele chake kiko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Unaupanda ukipitia Nyamirambo, mtaa uliozungumza Kiswahili miaka mingi kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi 2017. Nyumba zikiisha, mikaratusi na misonobari inaanza. Wageni hudhani huo ni msitu wa asili, kumbe ni miti ya kupandwa. Mkaratusi ni mzaliwa wa Australia. Uliletwa Rwanda mwanzoni mwa karne ya 20 na ukapendwa haraka: hukua upesi, hutoa kuni, makaa na nguzo, na ukiukata huchipua tena kwenye kisiki.

Tatizo lake mlimani liko chini, kwenye udongo. Migongo ya vilima vya Kigali ni ya mawe magumu ya kwatzaiti, na mbavuni udongo mara nyingi ni mwembamba. Mvua ikinyesha, majani ya juu hukusanya matone madogo na kuyaangusha yakiwa makubwa. Tone likidondoka kutoka urefu wa mita 15 au 20 hupiga ardhi kwa nguvu. Chini ya msitu wenye vichaka, nyasi na majani makavu, pigo hilo humezwa. Chini ya mikaratusi iliyobanana, majani mengine yakiwa yamefagiliwa kwa ajili ya kuni, ardhi hulipokea ikiwa tupu.

Hapo ndipo mtembeaji anapoingia kwenye hesabu. Maji hutafuta mahali palipokanyagwa, na hakuna palipokanyagwa kama njia ya miguu. Njia iliyonyooka kutoka bondeni hadi kileleni hugeuka mfereji katika masika moja tu. Watu wakiona mfereji, hutembea pembeni yake, mfereji wa pili unazaliwa, na baada ya miaka michache unakuta korongo lenye mizizi iliyoachwa hewani.

Wachonga njia wana kanuni ambayo ningependa kila mwenye kampuni ya kutembeza watalii aijue: mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu inaoukata. Ubavu ukipanda mita 30 kwa kila mita 100, njia isipande zaidi ya 15. Na kwa safari ndefu, wastani wa 10 unatosha kabisa. Njia ikikata ubavu hivyo, na ukingo wake wa nje ukilazwa kidogo, maji huivuka na kuendelea zake badala ya kuifuata. Palipo pakali zaidi huwekwa makinga maji ya mawe au magogo. Barabara ya lami iliyopanda mlima huu katika mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba 2025 ina karibu kilomita 6, na wastani wa mwinuko wake hauzidi asilimia 7. Hapo ndipo mwendesha baiskeli Tadej Pogačar alipoanza shambulizi lake, kwa hiyo asiseme mtu kwamba njia ya kuzunguka ni ya wavivu.

Je, mikaratusi ing'olewe? Bustani ya Nyandungu, hekta 121 za ardhi oevu zilizofunguliwa 2022, imeonyesha kwamba miti ya kienyeji inaweza kurudi mjini. Nyandungu, hata hivyo, iko bondeni. Ukikosea huko maji hutuama tu. Ukifyeka ubavu mzima wa Mlima Kigali kabla ya mvua za Machi, udongo utaishia katika mto Nyabarongo. Msitu wa Karura, Nairobi, unabadilishwa kipande kwa kipande, na mimi naona huku kunahitaji uangalifu zaidi: ukatwe ukanda mwembamba unaokingama mteremko, visiki viachwe vishike udongo huku machipukizi yakipunguzwa, kisha miche ya miti ya kienyeji kama misave na mivumu ipandwe katikati. Ukanda wa juu yake usiguswe hadi miche hiyo ifunike ardhi.

Mtembeaji naye ana sehemu yake, nayo ni kutokata kona. Njia ikizunguka, izunguke nayo, hata kama mwenzako ameshateremka moja kwa moja na anakusubiri chini akicheka.