Programu za Kukodi na Mapato ya Msimu Kyela

Steshenari ya Ipyana, Kyela, inayochapa kadi za michango, fulana za msiba na lebo za mifuko ya mchele hula kwa msimu. Mpunga ukishavunwa, kuanzia Mei hivi, harusi huongezeka na wenye mchele hutaka mifuko yenye majina yao. Kabla ya hapo, mkulima anapongoja mavuno, mteja wa uhakika ni mwanafunzi wa fotokopi. Lakini mwenye steshenari anatakiwa kulipa kila mwezi, kwa dola, tangu Adobe ilipoamua mwaka 2013 kuwa matoleo mapya ya programu zake yatakodishwa tu. Kifurushi chenye Photoshop na Illustrator kwa bei ya Marekani kilikuwa kama dola 60 kwa mwezi hadi mwaka 2025, yaani takriban shilingi laki moja na nusu. AutoCAD, kwa wachora ramani za nyumba, ni karibu dola 2,000 kwa mwaka. Ukubwa wa bei ni nusu tu ya tatizo. Printa hununuliwa fedha ikiwepo, ikatumika miaka. Programu ya kukodi hudai Februari sawasawa na Julai, na usipolipa inajifunga.

Ndiyo maana nakala zilizovunjwa zimeenea, zikipita mkono kwa mkono ndani ya flashi. Watetezi wake husema kampuni tajiri ya ng'ambo haipungukiwi kitu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki, lakini tuiweke kando, maana si wengi wanaoiogopa. Nakala ya wizi ina gharama zake. Ili iingie, mara nyingi lazima kinga ya virusi izimwe, na kirusi kikishapenya, kazi za wateja za mwaka mzima huenda nacho. Tena CorelDRAW ya zamani haifungui faili la toleo jipya: mteja akileta lebo aliyochorewa kwingine, mwenye duka huanza kuichora upya, bure.

Mbadala halali upo. Inkscape ipo tangu 2003, inachora lebo na nembo bila malipo. GIMP inashughulikia picha, Scribus inapanga kurasa. Oktoba 2025 Affinity, iliyokuwa ya kampuni ya Serif ya Uingereza kabla ya Canva kuinunua mwaka 2024, nayo ikawa ya bure (ingawa bure ya kampuni ni hiari yake, na hiari hubadilika). Wachapaji hupinga kwa hoja ya rangi, na hoja hiyo ina uzito. Kijani kinachowaka kwenye skrini hutoka kimefifia mfukoni, kwa sababu skrini huchanganya mwanga na mashine huchanganya wino wa rangi nne; Inkscape imejengwa kwa ajili ya skrini. Lakini mchoro wake ukipitishwa Scribus, faili la PDF hutoka likiwa na rangi za wino, na Affinity hufanya hivyo yenyewe. Hoja ya pili, kwamba mwenye mashine kubwa Mbeya anataka faili la Corel tu, ni ya mazoea. PDF ambayo maandishi yake yamegeuzwa kuwa mchoro haitegemei fonti zilizomo kwenye kompyuta yake.

Kinachobaki ni mafunzo. Kijana aliyefundishwa Photoshop peke yake huiona GIMP kama adhabu, na wiki za kujifunza upya ni kazi zilizopotea. Hapo lawama ni ya kozi zetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Michoro haijapata juhudi ya namna hiyo, na anayefundisha kwa nakala ya wizi anamwandalia mwanafunzi deni atakalolikuta dukani.

Mchora ramani ana udhuru zaidi. Wahandisi hubadilishana mafaili ya DWG, yaani ya AutoCAD, na LibreCAD ya bure huyafungua kwa kusuasua. Asilazimishwe kuiacha AutoCAD, ila hana sababu ya kuilipia mwaka mzima, kwa kuwa hukodishwa pia kwa mwezi mmoja, ingawa bei ya mwezi huwa juu zaidi. Watu wakianza kujenga baada ya mavuno, alipie miezi hiyo, na kodi yake aiingize kwenye bei ya ramani kama anavyoingiza karatasi na wino.