"Ndani ya Inchi 6": Utata wa Kanuni Mchezoni

Katika somo la utata wa maana tulitumia Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya sanamu ndogo mezani uliotolewa Uingereza mwaka 1987. Kanuni ikidai sanamu iwe "ndani ya inchi 6" kutoka kwa kamanda, je, ukingo wa kibao inachosimamia ukiingia yatosha, au kiingie chote? Ubishi ukishindikana, wachezaji hurusha dadu. Mfasiri wa hati ya shamba hana dadu. Baadaye watungaji walitenga istilahi mbili: moja hutosheka na sehemu yoyote, nyingine hudai sehemu zote. Wanafunzi waliifasiri ya pili "ndani kabisa". Tuliikataa, kwani "kabisa" huweza kueleweka kuwa mbali na ukingo. Tukachagua "yote ndani".