Mahindi: Dawa ya Mbegu na Wakati wa Kupanda

Mkulima wa Muheza, Pangani na Mkinga ajua kwamba masika huanza Machi na kwisha Mei. Miezi hiyo ni michache. Mbegu zisipoota ukalazimika kupanda upya baada ya wiki mbili, umepoteza mbegu, kazi na mvua ya wiki mbili. Mambo mawili yatakusaidia: kuitia mbegu dawa, na kuipanda kwa wakati wake.

Kwa nini mbegu itiwe dawa?

Punje ikiwa ardhini hunywa maji na kuvimba. Udongo ukiwa na joto na unyevu wa kutosha, mche hutokeza baada ya siku 5 hadi 7. Udongo ukituamisha maji, mche huchelewa, na kuvu waliomo huiozesha punje. Dawa ya kuvu, kama thiramu, huilinda punje mpaka mche upate mizizi yake.

Lakini dawa haifufui mbegu iliyokufa. Ijaribu kwanza: funga punje 100 katika gunia lililolowana, uliweke na unyevu kwa siku 7. Zikiota 85 au zaidi, mbegu ni njema.

Mbegu ya pakiti aghalabu imekwisha kutiwa dawa. Utaitambua kwa rangi yake. Ukitia mwenyewe, changanya mbegu na dawa katika kopo lenye kifuniko, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha tikisa. Usichanganye kwa mikono mitupu. Mbegu hiyo ni sumu: usiile, usiwape kuku, wala kopo lake lisirudi jikoni.

Kwa nini upande mapema?

Udongo uliokauka wakati wa kiangazi, upatapo mvua za kwanza, hutoa naitrojeni nyingi, nayo ni chakula cha mimea. Bwana H. F. Birch, mtafiti wa Muguga, Kenya, alieleza jambo hili mwaka 1958. Mvua kubwa zifuatazo huizamisha naitrojeni hiyo mbali na mizizi. Mche uliotangulia huikuta. Uliochelewa huikosa, ukawa dhaifu na wa rangi ya manjano. Tena mahindi yaliyochelewa hushambuliwa zaidi na bungua wa mabua na ugonjwa wa milia.

Hata hivyo usidanganywe na rasharasha. Chimba kwa jembe: udongo ukiwa umelowa kina cha shibiri moja, panda siku hiyo au kesho yake. Acha sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo. Tia punje 3 kwa kina cha sentimita 5, na wakati wa palizi la kwanza ubakize miche 2.

Basi kabla Februari haijaisha, shamba liwe limelimwa na mbegu iwe nyumbani. Dawa huilinda punje. Wakati huulea mche. Kimoja hakishiki nafasi ya kingine.