Kiangazi Kimefika: Tuchunge Moto



Januari hadi Machi ni miezi ya jua kali huku kwetu miteremkoni mwa Mlima Kenya, na kuanzia Julai ukavu hurudi tena. Ndiyo miezi ya kusikia kamsa. Kiangazi kilichopita mama mmoja wa kikundi jirani aliwasha magugu shambani, akaenda mtoni kuteka maji. Aliporudi, moto ulikuwa umevuka ua, umekula boma la ng'ombe la jirani pamoja na mizinga sita ya nyuki. Huyu mama si mtu mbaya. Aliona ni moto mdogo tu. Mpaka leo analipa kidogo kidogo, na mkutanoni nyumba hizo mbili huketi mbalimbali.

MOTO HUENDAJE?

Moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, hewa na joto. Ondoa kimoja, utazimika. Tena moto hupanda kilima upesi kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake hukausha nyasi za juu kabla haujafika. Basi ukikutana nao, usikimbilie juu ya kilima. Na moto hujificha: juu unaona majivu, kumbe chini mizizi inaungua, na kesho upepo utauamsha.

RUHUSA

Ndani ya msitu wa serikali, Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inakataza mtu kuwasha moto bila kibali. Warina asali na wachungaji, ulizeni kwanza katika ofisi ya misitu (KFS) au kwa viongozi wa chama chenu cha misitu. Anayechoma kwa makusudi mimea au miti ya mwenzake anaweza kufungwa hadi miaka 14. Hata kwenye shamba lako, tunakushauri umwone naibu wa chifu na uwaambie majirani wa pande zote siku moja kabla.

WANAOPIGA KAMBI

Vijana wetu wengi hupata riziki kwa kubeba mizigo ya wapanda mlima. Wakumbuke kwamba ndani ya mbuga ya Mlima Kenya kuni haziruhusiwi. Hupikwa kwa stovu. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro, kule Tanzania, uliungua siku nyingi. Moto ulianzia Whona, mahali wapanda mlima hupumzika, na wakuu wa hifadhi walisema huenda ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Mamia ya watu walipanda kuuzima.

Mahali moto unaporuhusiwa, tufanye hivi:

1. Fagia mpaka udongo mtupu, hatua tatu kila upande, mbali na miti.
2. Washa moto mdogo. Upepo ukivuma, usiwashe kabisa.
3. Mtu mmoja abaki hapo wakati wote.
4. Ukimaliza mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena. Sogeza mgongo wa mkono karibu. Ukisikia joto, bado haujazima. Kufukia na udongo peke yake hakutoshi.

SHAMBANI

Afadhali magugu yawe mboji, maana kuchoma kunamaliza chakula cha udongo. Kama ni lazima, kwanza lima njia pana ya udongo mtupu kuzunguka mahali hapo. Choma asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia, pamoja na watu wenye magunia mabichi, matawi na mitungi ya maji.

UKIWASHINDA

Pigeni kamsa, pigeni simu 999 au 112. Ondoeni watoto, wazee na wagonjwa kwanza. Nendeni kwenye shamba lililolimwa au mahali palipokwisha kuungua na kupoa. Mali hutafutwa, uhai hautafutwi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chetu, ni nani huwasha moto, na kwa nini?
2. Jirani akiunguziwa, kikundi chetu kitasaidiaje, na aliyewasha tutampatanisha naye vipi?
3. Ni lini tutakutana kulima njia ya kuzuia moto, na nani ataleta majembe?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, mweke na tarehe. Wazee walisema: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na kuuzima pia ni mkono kwa mkono.