Ngoja Ova Iishe

Ukiingia uwanja wa kriketi Nairobi siku ya Jumapili, usikimbilie kiti. Simama kwanza uangalie. Mrushaji akishaanza kukimbia, mtu anayekatiza nyuma yake humpotezea mpigaji macho, kwa hiyo adabu ya kwanza ya mgeni ni kungoja ova iishe. Ni mipira sita tu, dakika nne hivi. Siku moja nilisimama hivyo Ngara, na kabla sijafika barazani mzee mmoja aliyekuwa ameniona alikwisha kunivutia kiti karibu naye. "Karibu chai, ndugu yangu," akasema. Hakuniuliza nimekuja kumshangilia nani.

Nimevizunguka viwanja hivi miaka mingi, na naamini ukarimu wake umezaliwa na urefu wa mchezo wenyewe. Mechi ya ova 50 huanza asubuhi ikaisha jua likishuka. Kila upande una mipira 300 ya kupiga, na wakati wawili wako katikati ya uwanja wakipiga, wenzao tisa wako nje: anayefunga pedi, anayesinzia, anayelea mtoto. Watu wakishinda pamoja kutwa nzima, hawana budi kupika. Na kilichopikwa hakiwezi kuliwa na upande mmoja huku mwingine ukitazama.

Ndiyo maana saa ya mapumziko, timu moja ikishamaliza kupiga, huwa naiona kama moyo wa siku. Wageni na waamuzi hutangulia kupakua. Mrushaji aliyeangusha wiketi nne asubuhi hujikuta amekaa mkabala na mmoja wa wale aliowatoa, wakisogezeana bakuli la achari. Sijapata kusikia mtu akimrudia mwenzake maneno makali ya uwanjani mezani pale. Mkononi kuna chapati, na asubuhi imekwisha.

Chakula chenyewe hukueleza uko kwa nani. Klabu nyingi za Nairobi zilianzishwa na jamii za Wakenya wenye asili ya Kihindi: Kanbis ni ya Wapatel wa Kutch, Jaffery ya Waithnaasheri, Simba Union zamani ikiitwa Sikh Union, Sir Ali ya Waislamu. Swamibapa ni ya waumini wa Swaminarayan, ambao hawali nyama wala mayai, na hata kitunguu na kitunguu saumu hawavigusi. Anayedhani mboga bila kitunguu haina ladha hajala dengu zilizokaangiwa binzari nyembamba na tangawizi, zikamwagiwa dania mbichi juu. Kwingine utakuta pilau ya mbuzi. Mombasa ni viazi karai na ukwaju, na chai yenye iliki. Mgeni hachagui, anakula walicho nacho wenyeji, na sahani ikiisha anaongezwa kabla hajaomba.

Mombasa ndiko mzizi wa kriketi ya Kenya ulikoanzia. Mombasa Sports Club iliundwa mwaka 1896, mwaka uleule ujenzi wa reli ya kwenda Ziwa Victoria ulipoanza. Waingereza walileta gongo na mpira, lakini walicheza wakijitenga, na jamii nyingine zikalazimika kujijengea viwanja vyao. Ubaguzi ule ulikuwa mbaya, na siupambi. Nasema tu kwamba klabu zilizoanza kwa kufungiwa nje zilikuja kuwa mahali ambapo mlango uko wazi. Mwaka 2017 serikali ilipowatambua Wakenya hawa kuwa kabila la 44, mimi nilikuwa nimewajua siku nyingi kwa vikombe vyao vya chai.

Na kwenye viwanja hivyohivyo, vijana wa Kiafrika walijifunza kriketi mpaka ikawa mali ya familia zao. Kina Tikolo walikuwa ndugu watatu, Tom, David na Steve. Kina Obuya nao watatu, na Maurice Odumbe alikuwa na nduguye Edward. Steve Tikolo aliichezea Swamibapa, na ndiye aliyekuwa nahodha Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Njiani waliishinda Sri Lanka hapohapo Nairobi, kwenye uwanja wa Gymkhana, Collins Obuya akiangusha wiketi tano kwa mikimbio 24. Leo ligi huchezwa kwenye nyasi hizo, na watazamaji pengine hawafiki arobaini. Inaniuma. Watu hawalipi kiingilio, chai inachemka, na bado viti viko wazi.

Ukienda, kaa karibu na meza ya waandishi wa alama. Ni wawili, kila timu na wake, na kanuni inawataka walinganishe vitabu vyao mara kwa mara. Mwamuzi akitoa ishara, wao huinua mkono kumjibu kwamba wameiona. Ni watu wenye kazi ngumu kuliko wote na hawaachi meza, kwa hiyo chai huwafuata. Mama mmoja aliyekuwa akisimamia jiko aliniambia kuwa sambusa za kwanza kutoka kwenye mafuta ni za mwandishi wa timu ngeni: "Yuko peke yake kwetu, na ametushikia hesabu."

Jumapili moja wawili hao walimaliza wakitofautiana mkimbio mmoja. Mechi ilikuwa imeamuliwa kwa mikimbio miwili, hivyo mshindi hakuwa na shaka, lakini hakuna aliyeondoka. Wachezaji wa pande zote mbili walizunguka meza, mikoba yao miguuni, huku wazee wakirudisha kurasa nyuma ova baada ya ova na kusomeana kwa sauti. Giza lilikuwa linaanza kuingia, mtu akawasha taa ya baraza. Mkimbio ulipatikana kwenye ova ya 31, ndani ya kitabu cha wenyeji: mpira mpana ambao mwandishi wao alisahau kuutia. Akausahihisha kwa kalamu nyekundu, akamgeukia mwenzake na kumpa mkono. Kutoka jikoni tukasikia sufuria ikirudishwa motoni.